Nani Kagusa Shamba 118?

Wiki iliyopita tulimwacha Evlogi Tabakov amesimama katikati ya chumba chake, kipande cha banitsa, ule mkate wetu wa jibini, mkononi, macho kwenye skrini. Penka alikuwa ameandika mstari mmoja tu.

*Saa 4:47. Mashamba / Magharibi / Shamba 118. Limebadilishwa.*

Banitsa ilimponyoka. Ilianguka upande wenye jibini.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana walifungia samaki, nitarudia haraka. Evlogi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya ramani za ardhi hapa kwetu Chernolozie. Shamba 118 ni la mama mkwe wake, Stamena, mjane: safu tisa za mizabibu alizozipanda yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao. Shamba 119, la jirani, ni la Trifon Gyurov, mpima ardhi mkuu wa ofisi hiyohiyo. Trifon anadai safu tatu kati ya hizo tisa ni zake. Leo, tarehe mosi Februari, saa tisa alasiri, kamati ya ardhi inakaa. Ramani itakayokutwa kwenye kompyuta saa hiyo ndiyo itakayopigwa muhuri, na ikishapigwa, hakuna wa kuitengua.

Saa tatu asubuhi Evlogi alilifungua faili, akahesabu safu pamoja na mama mkwe. Zilikuwa tisa.

Halafu kuna msomaji ameniandikia kulalamika kwamba huyu Penka tangu hadithi ianze hajafungua mdomo. Bwana, Penka ni programu. Evlogi aliitunga mwenyewe akaipa jina la bibi Penka, aliyekaa mlangoni pa ofisi ile miaka ishirini na sita na daftari magotini. Bibi Penka aliandika mlango umefunguliwa saa ngapi, umefungwa saa ngapi, mzigo gani umeingia na upi umetoka. Ukimuuliza ni nani aliyepita, alikujibu kwamba hakuajiriwa kutazama watu usoni.

Programu nayo ni vivyo hivyo. Mafaili ya ofisi yamo kwenye folda, folda ndani ya folda ndani ya folda, kama matawi ya mti, na Penka ana jicho juu ya kila tawi. Kitu kikiongezwa, kikibadilishwa, kikihamishwa, anaandika ni kitu gani na saa ngapi. Nani kafanya, hajui wala haulizi.

Basi tuendelee.

Evlogi alitoka mbio hadi ukumbini. Ofisi nzima ilikuwa imeizunguka meza, glasi za mvinyo mikononi, maana tarehe mosi ni siku ya Mtakatifu Trifon, mlinzi wa mizabibu, na Trifon wetu alikuwa anawakirimu wenzake kwa heshima ya jina lake.

"Nani katoka hapa sasa hivi?" Evlogi aliuliza.

"Wewe," alijibu Yordanka wa masjala. "Umekuja, umebeba kipande kikubwa kuliko vyote, umekwenda zako. Tumekuona."

"Mbali na mimi."

"Nani aiache banitsa ya moto, Evlogi? Una akili kweli?"

Aliwahesabu. Ofisi ina watu kumi na mmoja. Kumi walikuwa mbele yake, wa kumi na moja alikuwa yeye. Akarudia kuhesabu. Hesabu ikawa ileile.

Trifon alimsogelea na sinia. "Ndugu yangu, mbona umesawijika hivyo? Kunywa kidogo. Au Penka kakukataza?"

Wakacheka wote, na walikuwa na haki. Wiki mbili zilizopita Evlogi aliliweka daftari la Penka ndani ya mti uleule anaoulinda. Penka akaandika mstari. Daftari likawa limebadilika. Penka akaona daftari limebadilika, akaandika hivyo. Daftari likabadilika tena. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi Penka aliandika kwamba ameandika kwamba ameandika, hadi akaijaza diski nzima ya nakala za akiba. Mpaka leo ofisi haina nakala ya akiba hata moja.

Mkurugenzi, Bi Bisera Kalcheva, hakupiga kelele siku ile. Alimwambia tu kwamba kosa la pili akalifanyie nyumbani kwake.

Sasa alikuwa amesimama pembeni ya meza na glasi yake, anamtazama. "Kuna tatizo, Evlogi?"

"Hakuna, mkurugenzi."

Akarudi chumbani taratibu, kama mtu asiye na tatizo.

Stamena alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi, mkoba mapajani. Alikuwa humo tangu asubuhi. Alikuwa amesema hatoki mpaka kamati ikae, na mkwe wake hakuwa na ubavu wa kumtoa.

"Mkwe," alisema, "umekanyaga banitsa."

"Mama, nilipokwenda ukumbini, kuna mtu aliingia humu?"

"Hakuingia mtu."

"Shamba limeguswa. Saa nne na dakika arobaini na saba. Na wote wako ukumbini, nimewahesabu mara mbili."

"Nimeligusa mimi."

Evlogi aliigeukia skrini, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Si umenifundisha mwenyewe asubuhi?" Stamena aliendelea. "Unabonyeza pale, halafu pale, shamba linatokea. Nilitaka kuliangalia kidogo. Nilipomaliza mashine ikaniuliza, nihifadhi? Nikabonyeza ndiyo."

"Kwa nini ndiyo, mama? Kwa nini?"

"Shamba langu mwenyewe. Naulizwa lihifadhiwe au lisihifadhiwe. Niseme hapana?"

Evlogi aliketi kwenye ndoo ya taka. Penka haandiki majina, lakini faili lenyewe hushika jina la aliyelihifadhi mwisho, na Shamba 118 sasa lilionyesha kwamba limebadilishwa siku ya kamati, kutoka mezani kwake, kwa jina lake. Na yeye ni mkwe wa mwenye shamba. Hata mtoto wa chekechea angejua la kusema.

"Mama, umeniua."

"Waambie ni mimi."

"Niwaambie mama mkwe wangu alikuwa anatumia mashine ya serikali?"

"Kwani nimeivunja? Hiyo hapo, nzima. Acha kulialia nikuulize kitu, mkwe. Kwa nini safu ziko sita?"

"Safu gani?"

"Kwenye hiyo mashine yako. Nimezihesabu mara tatu. Saa tatu tulihesabu tisa, sasa ni sita. Zile tatu za upande wa Trifon hazipo. Nilidhani ndivyo mashine zinavyofanya, zinapumzisha nyingine."

Evlogi aliruka kutoka kwenye ndoo. Alilifungua faili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Baada ya hapo mpaka, na baada ya mpaka Shamba 119, limenenepa.

"Umefuta wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Stamena alimtazama. "Rudia hilo swali."

"Sirudii, mama. Samahani."

Akalifungua daftari la Penka, ambalo sasa analiweka mbali kabisa na mti, akasoma kuanzia asubuhi. Shamba 118: mstari mmoja tu, ule wa saa 4:47. Hakuna mtu mwingine aliyeligusa faili siku nzima. Akasoma tena, safari hii polepole, kila mstari. Ndipo akaona alichokiruka.

*Saa 4:31. Mashamba / Magharibi. Folda imeondolewa.*

*Saa 4:31. Mashamba / Magharibi. Folda imeletwa.*

"Mungu wangu," alisema Evlogi. "Hakuligusa faili kabisa."

"Nani?"

"Yeyote yule. Ameondoa folda nzima ya Magharibi, yenye mashamba yote, akaleta nyingine yenye jina hilohilo. Mimi natafuta faili lililobadilishwa. Hili halikubadilishwa, mama. Limekuja limeshabadilika."

Stamena alifikiri. "Yaani mtu kanichukulia kikapu changu chote, akaniwekea chake."

"Ndivyo."

"Na changu kakipeleka wapi?"

Hilo ndilo lililomtoa Evlogi jasho. Kitu kikihamishwa, Penka huandika kilikotoka na kilikokwenda. Hapa kilikotoka kipo, kilikokwenda hakipo. Na Penka ana udhaifu mmoja tu unaoweza kuleta hali hiyo. Folda mpya ikizaliwa, Penka anahitaji kitambo kidogo, kama kupepesa jicho, kabla hajaanza kuitazama. Ukitengeneza folda mpya na papo hapo ukatumbukiza kitu ndani, kinapita kabla jicho halijafumbuka.

"Anayejua hilo ni nani?" Stamena aliuliza.

"Wote. Niliwaeleza kwenye mkutano. Nilichora na ubaoni."

"Ulijisifu."

"Nilieleza. Wengi walilala. Waliouliza maswali ni wawili, Trifon na mkurugenzi."

"Sasa mtu kama huyo si angeifuta tu yakaisha?"

"Hapa hakuna anayefuta, mama. Amri ya mkurugenzi. Miaka kumi na tisa hakijafutwa kitu, mkono wenyewe umesahau."

Hilo ni kweli, nami nimeliona kwa macho yangu. Katika ofisi ile mtu akitaka kurekebisha ramani, kwanza anatengeneza folda inayoitwa Mpya, ananakili kila kitu humo. Mwenzake akija, anatengeneza Mpya Kabisa. Halafu Mpya Kabisa 2. Evlogi alipoiuliza kompyuta folda zenye jina la Magharibi ziko ngapi, ilijibu mia tatu na kumi na mbili.

Akaiuliza swali jingine: folda zilizozaliwa leo. Jibu likawa moja.

*Picha za Sikukuu / Mpya Kabisa 14. Imezaliwa saa 4:30.*

Ndani yake ilikaa Magharibi, yenyewe, na mashamba yote mia moja na tisini. Alilifungua Shamba 118. Safu tisa, na kwenye kona muhuri wa mviringo wa ofisi kutoka siku ile shamba lilipopimwa. Faili lile lingine, la safu sita, kona yake ilikuwa tupu likisubiri muhuri wa saa tisa.

Stamena alinyoosha kidole hadi kikagusa kioo, akazihesabu.

"Litoe humo," alisema.

"Nikilihamisha, itaandikwa nimelihamisha mimi. Nikilinakili, kamati haipokei nakala. Lazima walione lilipo, halijaguswa, pamoja na saa lilipoingia."

"Basi lifunge. Na ikiuliza kuhifadhi, sema hapana."

"Asante, mama."

"Sasa nataka jina la mtu," alisema Stamena. "Huyo Penka wako hajui, lakini mimi najua. Leo ni nani anayekirimu?"

"Trifon. Ni siku yake."

"Siku yake! Leo ni siku ya kanisa. Akina Gyurov ni watu wa tarehe kumi na nne."

Hapa kwetu mtu anaweza kubadili chama, mke na hata timu ya mpira, lakini siku ya Trifon habadili. Kuna nyumba za tarehe mosi, kwa kalenda mpya, na kuna nyumba za tarehe kumi na nne, kwa kalenda ya zamani. Siku hiyo ndiyo unayoingia shambani kuupogoa mzabibu wa kwanza na kuumwagia mvinyo shinani. Mimi nimezaliwa nyumba ya tarehe kumi na nne na siko tayari kujadiliana na mtu.

"Baba yake," Stamena aliendelea, "alimfukuza shemeji yake shambani kwa sababu alikuja na mkasi tarehe mosi. Alimfukuza hadi barabarani. Mimi mwenyewe mkasi wangu huu hapa, leo nimeutoa kunolewa, lakini haugusi mti kabla ya kumi na nne. Huyu Trifon miaka yote hapa ofisini amewakirimu lini?"

Evlogi aliwaza. Mwaka jana, tarehe kumi na nne. Mwaka juzi, kumi na nne. Mwaka ule wa theluji, kumi na nne, na Yordanka aliteleza akavunja sahani.

"Kumi na nne," alisema. "Siku zote."

"Basi mwaka huu alitaka muinuke vitini leo."

Saa tisa kamili kamati ilikaa ukumbini, kwenye meza ileile iliyokuwa na banitsa. Mwenyekiti ni bwana Hristofor Mindov, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu anayeamini anachokiona tu, na hata hicho hukitazama mara mbili. Wafanyakazi wote walikuwapo. Stamena alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Skrini kubwa ilikuwa ukutani.

Evlogi alisimama akaeleza yote: folda iliyoondoka, folda iliyokuja, saa 4:31.

"Hadithi nzuri," alisema Trifon. "Saa 4:31 nilikuwa hapahapa nimeshika sinia. Watu kumi wameniona. Au mimi ni mapacha?"

"Ulikwenda kuleta chupa ya pili," alisema Yordanka.

"Dakika moja!"

"Dakika sita, Trifon. Nilisimama hapa na glasi tupu kuanzia saa nne na nusu hadi saa nne na dakika thelathini na sita. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani."

"Sita," alisema mtu wa dirishani. "Hata mimi niliitazama."

"Karibu saba," alisema mwingine.

Watu wasiokumbuka jana walikula nini walikumbuka kwa dakika glasi zao zilikuwa tupu tangu lini. Bwana Mindov aliandika namba sita kwenye karatasi yake, akaizungushia duara.

"Na mbona umetukirimu leo?" Stamena alipaza sauti kutoka mlangoni. "Marehemu baba yako anajua?"

Ukumbi ukanong'ona. Hilo ndilo lililomuuma Trifon kuliko dakika sita. Shingo ilimwiva, lakini hakuwa mtu wa kukubali kirahisi.

"Sawa," alisema. "Tuzungumzie saa. Saa 4:47 je? Muulizeni huyu fundi wenu Shamba 118 limebadilishwa na nani saa 4:47. Jina lipo."

Mkurugenzi Kalcheva alivaa miwani akasogea kwenye skrini. "Jina ni la Evlogi," alisoma. "Kutoka mezani kwake."

Vichwa vyote vikamgeukia Evlogi.

Stamena akasimama. "Ni mimi."

"Wewe ni nani?" aliuliza bwana Mindov.

"Mwenye shamba. Mashine iliniuliza nihifadhi, nikasema ndiyo. Kama ningekuwa mwizi ningeongeza safu, mwalimu, nisingezihifadhi sita."

Bwana Mindov alilipima hilo kama anavyopima hesabu za wanafunzi. Kisha akatikisa kichwa kulia na kushoto, yaani, kwa desturi ya hapa kwetu, amekubali. "Ni sahihi. Tuonyeshe hiyo folda nyingine."

Evlogi aliifungua ukutani. Mpya Kabisa 14. Magharibi. Shamba 118. Safu tisa, muhuri kwenye kona. Bwana Mindov alizihesabu kwa kalamu hewani, mara mbili.

"Tisa," alisema. "Faili hili ndilo tunalolipitisha. Likishapigwa muhuri wa leo, mambo yamekwisha. Mkurugenzi, tuletee muhuri."

"Naufuata," alisema Bi Kalcheva. Aliuchukua mkoba wake, akatoka.

Evlogi alifurahi. Nasema wazi kwa sababu uso wake haukuonyesha: alifurahi kiasi cha kutaka kumbusu mama mkwe kwenye paji la uso. Alimtazama Trifon, akitarajia kumwona amekufa ganzi. Trifon alikuwa anajimiminia maji, taratibu, bila kumwaga tone.

Hapo ndipo Penka alipoandika, ukutani, mbele ya wote.

*Saa 9:22. Mpya Kabisa 14 / Magharibi / Shamba 1. Limefutwa.*

Neno lile halikuwahi kuonekana katika daftari la Penka. Evlogi mwenyewe ilimchukua muda kukumbuka kwamba aliliweka.

*Shamba 2. Limefutwa.*

*Shamba 3. Limefutwa.*

"Huo ni mchezo gani?" aliuliza bwana Mindov.

"Mtu anafuta folda," Evlogi alisema. "Inakwenda kwa namba."

Alimtazama Trifon. Mikono yote miwili ya Trifon ilikuwa juu ya meza. Akawahesabu watu wa ofisi, kwa mara ya tatu siku ile. Tisa, na yeye wa kumi.

Kiti cha mkurugenzi kilikuwa tupu.

Evlogi alikimbia kwenye korido hadi mlango wa Bi Kalcheva. Umefungwa kwa ndani. Aligonga, akaita, akagonga kwa bega. Ndani ilisikika sauti ya kipanya tu, kikibonyezwa mara moja moja.

Akarudi mbio. *Shamba 49. Limefutwa.* Ramani ni nzito na diski ni ya zamani, kila shamba linakwenda na sekunde yake.

"Izimeni hiyo kompyuta kubwa!" bwana Mindov alikuwa amesimama.

"Iko chini, ghalani. Ufunguo anao mkurugenzi."

"Nakala ya akiba?"

Evlogi alitazama sakafu. Yordanka naye, kwa huruma, akatazama sakafu.

*Shamba 71. Limefutwa.*

"Mkwe," Stamena aliita kutoka mlangoni. "Hicho chumba cha huyo mama kinaongea na hiyo mashine ya chini kwa njia gani?"

"Kwa waya, mama. Unatoka kwake, unapita koridoni, unashuka chini."

"Si unachomolewa?"

"Huku umeingia ukutani, kule uko kwake."

*Shamba 96.*

Stamena aliufungua mkoba, akatoa mkasi wa kupogolea. Ulikuwa umenolewa vizuri. Alitoka koridoni akapiga goti moja, na ofisi nzima ikamfuata, isipokuwa Yordanka aliyebaki kwenye skrini.

"Upi?"

"Wa bluu. Mama, subiri, waya huo ndio unaotuletea na sisi Penka. Ukiukata hatutaona tena chochote."

"Huu?"

Kutoka ukumbini Yordanka alikuwa anasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma majina ya waliofariki. "Mia moja na tisa. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi na moja."

"Huu, mkwe?"

Evlogi alifumba macho. "Huo."

Stamena aliutembeza mkono juu ya waya mpaka akapata sehemu iliyomridhisha, akauegesha mkasi kwa mshazari, kama afanyavyo shambani, akakata.

Yordanka aliacha kusoma.

"Ngapi?" Evlogi alipiga kelele. "Ngapi, Yordanka?"

"Mia moja na kumi na saba. Imeganda hapo."

"Na kumi na nane?"

"Sijui, Evlogi. Imeganda."

Penka hakuwa na la kuongeza. Kama Shamba 118 lilipona kwenye ncha ya mkasi, au liliondoka kabla vyuma havijakutana, jibu lilikuwa chini ghalani, nyuma ya mlango wenye ufunguo mmoja.

Mlango wa mkurugenzi ukafunguka. Bi Kalcheva alitokea, amesimama wima, nywele mahali pake.

"Nani amekata mtandao wa ofisi yangu?"

"Mimi," alisema Stamena akiwa bado amepiga goti. "Tarehe mosi. Marehemu mume wangu asingenisamehe."

Bwana Mindov aliitazama mikono ya mkurugenzi, mmoja, kisha wa pili. Yote ilikuwa mitupu.

"Muhuri uko wapi, Bisera?"

Alikuwa anautazama mkasi. Vidole vyake vilishuka taratibu hadi mfukoni, pale ufunguo wa ghala ulipokuwa, vikaufumbata.

Stamena aliinuka, akakung'uta vumbi la goti, akanyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mkasi.

"Nipe huo ufunguo, mwanangu," alisema. "Huo waya nimeshaukata kabla ya siku yake. Usinifanye nivunje mwiko mara mbili."

Nyuma yao, ukumbini, skrini ilikuwa bado imeganda kwenye Shamba 117.